Ukitaka kuisikia Injili, uende wapi? Mkutano, ibada, redio, jumuiya na kitabu kwenye mizani moja

Nilipeleka suruali mbili kwa fundi cherehani wangu hapa Ngamiani, Tanga, zipunguzwe urefu. Yeye ni Mwislamu, hakosi msikitini, na tumezoeana kiasi cha kuulizana mambo bila kutafutana makosa. Tepu ikiwa bado shingoni akaniuliza: "Mwalimu, ninyi husema fulani ameisikia Injili, fulani hajaisikia. Mimi Injili naijua, ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa. Sasa kitabu mtu anakisikiaje? Na nikitaka kujua mnachokisema hasa, si kwa ajili ya kubatizwa, nikasikilize wapi?"

Nikamjibu haraka: njoo kanisani Jumapili. Nilipofika nyumbani nikaona nimemjibu ovyo. Jumapili ile ilikuwa ya mavuno. Angekaa saa tatu akishuhudia kuku na mikungu ya ndizi ikinadiwa, kisha arudi dukani akiwa anajua bei ya mkungu na hajui kingine. Ndipo nikakaa kuzipima njia zote ninazozijua, maana si yeye peke yake anayeuliza. Wakristo wenyewe, waliozaliwa humo na kubatizwa wakiwa wachanga, wengi huuliza hivyo kimoyomoyo.

Kabla ya njia, neno lenyewe. Fundi hakukosea kusema ni kitabu. "Injili" tumeipata kwa Waarabu, na asili yake ni Kigiriki, neno lenye maana ya habari njema. Lakini katika kusafiri huko uzito wake umehama. Anayelisikia kwa sikio la madrasa anasikia kitabu. Mkristo anapolitamka anakusudia kwanza tangazo, na vitabu vinne vya Mathayo, Marko, Luka na Yohana vimeitwa Injili kwa sababu vinalibeba tangazo hilo. Paulo aliwaandikia Wakorintho mnamo mwaka 55 hivi, na kwa hesabu ya wataalamu wengi hakuna hata kimoja kati ya vitabu vile vinne kilichokuwa kimeandikwa. Hata hivyo anawakumbusha Injili aliyowahubiri, na anaitaja kwa maneno machache: "ya kuwa Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, kama yanenavyo maandiko, na ya kuwa alizikwa, na ya kuwa alifufuka siku ya tatu, kama yanenavyo maandiko."

Basi. Hicho ndicho kiini, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mahali popote panaposema pana Injili: je, umeondoka pale ukiwa umesikia habari za huyo aliyekufa, akazikwa, akafufuka? Fundi nilimwambia wazi kwamba hapo ndipo njia zetu zinapoachana, maana yeye anaijua aya ya 157 ya Sura ya An-Nisaa inayokana kwamba Isa aliuawa au kusulubiwa. Akasema afadhali umesema mapema. Watu wengi huanza na mambo tunayokubaliana, hayo mengine yakaja kwa mlango wa nyuma.

Halafu kuna "kusikia". Kiswahili kimelipa neno hili kazi nyingi kuliko sikio linavyoweza. Tunasikia kelele, lakini pia tunasikia njaa na baridi. Mtoto aliyekatazwa akarudia tunasema hasikii, ingawa masikio yake ni mazima kabisa. Na asiyesikia la mkuu tunajua kinachompata mguuni. Huku kwetu mtu atakwambia, "Kisambaa nakisikia ila sikisemi." Hapo kusikia ni kuelewa. Kwa hiyo katika neno moja tuna kupata sauti, kuelewa, kuguswa na kutii, na Biblia ya Kiswahili ilipolichukua neno hilo ililichukua na mizigo yake yote. Siku ya Pentekoste umati ulipomsikia Petro "wakachomwa mioyo yao", wakauliza, tutendeje? Kule Athene wengine walipoyasikia ya ufufuo wa wafu walidhihaki, na wengine wakasema watamsikiliza Paulo tena siku nyingine. Wote walikuwa na masikio. Hata yule anayesema "nitakusikiliza tena" nadhani amesikia zaidi ya wengi wetu tunaosema "amina" kwa mazoea. Injili kwa Wakristo wengi ni kama Kisambaa changu.

Sasa mizani. Nimeweka maswali manne ninayoyarudia kila mara: habari yenyewe inatajwa au inazungukwa? Maandiko yanasomwa kwa urefu au kwa kuchomoa? Naweza kuuliza? Na nani atanikumbuka kesho?

Nianze na mkutano wa injili, kwa sababu ndio unaosikika kutoka mbali. Jukwaa la mbao, genereta, spika zilizopangwa kama ukuta, kwaya, mapambio, na mhubiri anayepanda jua likielekea kuzama. Dar es Salaam viwanja vya Jangwani vimeona mingi, Nairobi ni Uhuru Park, na kila mji una uwanja wake wa mpira au wa shule. Askofu Moses Kulola, aliyefariki 2013, alijulikana Tanzania nzima kwa mikutano ya namna hii. Ubora wake haufichiki. Kwanza, mhubiri anajua kwamba mbele yake wapo wasiojua chochote, kwa hiyo habari huelezwa bila kudhani unajua kitu. Pili, huhitaji kuvaa vizuri wala kujua wakati wa kusimama na wa kukaa. Unaweza kusimama nyuma kabisa karibu na muuza karanga, ukasikia kila neno, ukaondoka bila mtu kukuuliza wewe ni wa wapi. Kwa mtu kama fundi huo ni uhuru mkubwa. Tatu, mkutano haukuachii usikie kisha ukalale. Mwisho kuna mwaliko: anayetaka kutubu aje mbele. Ni swali la Pentekoste, tutendeje, limewekwa mahali pake.

Kasoro zake nazijua kwa kuwa zimenipata. Nikiwa kijana chuoni nilipita mbele siku ya tatu ya mkutano mmoja, nikaongozwa sala, nikaandika jina langu, bweni langu na namba ya chumba kwenye kadi. Nikaambiwa nitatembelewa. Nilikaa wiki mbili kila jioni nikifagia chumba. Hakuja mtu. Jukwaa lilikwisha kubomolewa, genereta limekwenda mkoa mwingine. Sikukasirika sana wakati ule, ila nilijifunza kwamba kumwita mtu na kumpokea ni kazi mbili, na watu wake mara nyingi si wale wale.

Kasoro nyingine ni kwamba andiko kwenye mkutano hupewa nafasi ya kigingi cha mbuzi: linapigwa mara moja chini, kisha kamba inaanza kuzunguka. Mistari miwili inasomwa, saa moja na nusu ni visa, uponyaji na kukemea mapepo. Mhubiri akiwa mgeni kuna mkalimani, na mkalimani mzuri ni msanii kamili, anaruka mhubiri anaporuka. Lakini huwezi kusimamisha ukasema, samahani, hapo pa damu sikuelewa. Na mikutano mingine, tuseme ukweli, inapita siku nne bila kaburi wala ufufuo kutajwa. Utasikia habari za gari, viza, adui zako kuanguka, na kupanda mbegu ya sadaka ili uvune mara mia. Watu huita hiyo injili ya mafanikio. Ukiipima na yale maneno ya Paulo, unajiuliza neno "injili" limeingiaje hapo.

Ibada ya Jumapili ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Hapa andiko ndilo mwenye nyumba. Kwenye Misa ya Kikatoliki kuna somo la kwanza, zaburi, somo la pili, kisha watu wote wanasimama kwa Injili. Kwa Jumapili kuna mzunguko wa miaka mitatu: mwaka A ni hasa Mathayo, B ni Marko, C ni Luka, na Yohana anaingia katika Kwaresima, Pasaka na majira mengine. Walutheri na Waanglikana nao wana kalenda zao za masomo. Faida yake watu hawaioni: mhubiri halazimishi Biblia izungumzie jambo analolitaka yeye. Jumapili yenye somo la kuwakemea wenye dhambi inafika hata kama mfadhili mkubwa wa ujenzi amekaa kiti cha mbele. Kwa makanisa ya Kipentekoste mchungaji huchagua mwenyewe, na hapo inategemea mchungaji.

Kuna jambo dogo la Misa ninalolipenda. Injili inapotangazwa, waumini huchora msalaba mdogo kwenye paji la uso, midomoni na kifuani. Akili, kinywa, moyo. Sikio halimo! Nilimuuliza katekista mmoja kwa nini, akacheka akasema sikio liko wazi siku zote, hivyo vingine ndivyo vinavyohitaji kufunguliwa.

Lakini mgeni atapata shida. Ibada imetengenezwa kwa walio ndani. Inadhani unajua Mwana-Kondoo ni nani na kwa nini watu wanajibu kwa pamoja bila kuangalia popote. Mahubiri ni dakika ishirini, na matangazo, kwenye sharika ninazozijua mimi, wakati mwingine huyazidi. Ukitaka kuanzia ibadani, usiende mara moja ukatoa hukumu. Nenda Jumapili nne mfululizo, na kama unaweza, moja iwe ya juma la Pasaka, kuanzia Ijumaa Kuu, maana siku hizo tatu ibada nzima haina habari nyingine zaidi ya ile ya Paulo: alikufa, alizikwa, alifufuka. Ukiniambia nichague kati ya mkutano na ibada kwa mtu asiyejua kitu na mwenye jioni moja tu, nitasema mkutano, ilimradi mhubiri awe anajulikana kwa kuhubiri maandiko. Akiwa na miezi, ibada. Mkutano unakwambia jambo kubwa limetokea, ila kulizoea jambo hilo huchukua Jumapili nyingi.

Redio na simu nitazipitia upesi zaidi, ingawa kwa hesabu ya masikio huenda ndizo zinazofikia wengi. Historia yake kwetu ni ndefu: kuanzia 1963 hadi 1977 Sauti ya Injili ilirusha matangazo kutoka Addis Ababa, yakiwemo ya Kiswahili, mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoitaifisha. Leo kuna Radio Maria, Upendo FM na nyingine nyingi, na Biblia nzima ya sauti unaweza kuipakua bure ukiwa na bando. Kwa fundi redio inafaa kuliko nilivyodhani, kwa sababu mikono yake ina kazi na masikio yake yako huru, ukiacha mngurumo wa cherehani. Rekodi ina jambo moja ambalo askofu hana: unaweza kuirudisha nyuma. Ubaya wake ni vipande. Siku hizi mahubiri yanakatwa sekunde thelathini thelathini na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, sentensi ile kali tu, bila mkia wala kichwa. Mtu akikusanya vipande mia vya namna hiyo hajasikia hubiri hata moja. Na redio haikujui, ukizima imezimika.

Hapo ndipo jumuiya inapoingia. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya umoja wao, AMECEA, Nairobi mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, familia kadhaa za mtaa mmoja zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Kwa utaratibu wake, Injili ya Jumapili ijayo inasomwa, watu wananyamaza, kila mmoja anarudia neno lililomgusa, kisha wanaulizana linawataka wafanye nini mtaani mwao. Waprotestanti nao wana wazee wao katika jambo hili: Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, karibu na 1929, kupitia urafiki wa daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi, ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya na Tanzania kwa njia hii hii ya watu wachache kukaa pamoja, kusoma na kuungama waziwazi. Walokole wa zamani walikuwa hawakubali useme "nimeguswa" halafu ukae. Ulimwibia nani? Kamrudishie.

Kwenye jumuiya unaweza kuuliza. Hilo kwangu linazidi spika zote za Jangwani. Sisemi hivyo kwa ajili ya raha ya mjadala tu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, waliodaiwa kufunga hadi kufa kwa mafundisho ya mhubiri waliyemfuata. Walikuwa watu waliopenda kusikia neno la Mungu, wengine waliuza mali zao ili walisikie kwa karibu zaidi. Mahali ambapo kuuliza kunaitwa uasi, toka, hata kama maneno ya 1 Wakorintho 15 yanasomwa kila asubuhi. Towashi wa Kushi alipokuwa akisoma Isaya garini, Filipo hakuanza kwa kumhubiri, alimuuliza kama anaelewa anachosoma. Naye towashi akamuuliza Filipo, huyu nabii anasema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine? Maswali mawili, ndipo Injili ikaelezwa.

Ila jumuiya zetu nazo tusizipake asali. Nimekaa kwenye moja ambayo somo lilichukua dakika tano na michango dakika hamsini: msiba, harusi, ujenzi wa nyumba ya katekista, sare za kwaya. Mgeni aliyekuja kusikia Injili angedhani amejiunga na vikoba. Pia kuna wakati anayeongea ni yule mmoja tu, mjumbe mstaafu, wengine wakitazama saa. Basi uliza kabla ya kwenda: huwa mnasoma kwa muda gani? Jibu litakuonyesha ni jumuiya ya aina gani.

Nimebakiza kitabu, nacho nimekiweka mwisho kwa makusudi. Watu hudhani kusoma na kusikia ni mambo mawili. Kwa karne nyingi yalikuwa moja. Ufunuo unaanza na "heri asomaye na wao wayasikiao": msomaji mmoja, wasikiao wengi, kwa kuwa nakala ilikuwa moja na wanaojua kusoma walikuwa wachache. Mnamo mwaka 150 na kitu Yustino, mwandishi Mkristo kule Roma, aliandika kwamba Wakristo walikutana Jumapili wakasomewa kumbukumbu za mitume kadiri muda ulivyoruhusu. Hawakusomewa aya mbili za kuanzia hubiri. Walisomewa mpaka muda ukaisha.

Injili ya Marko ina sura 16. Ukiisoma kwa sauti ya kawaida, bila haraka, inakuchukua saa moja na nusu hadi mbili, sawa na mechi ya mpira pamoja na mapumziko yake. Na ukiisikia kwa mkupuo mmoja ni kitu kingine kabisa kuliko vipande vya Jumapili. Mambo yanakimbia, "mara" hii na "mara" ile, mpaka Yerusalemu, ambako mwendo unapungua na karibu theluthi ya kitabu ni juma moja tu la mwisho wa maisha ya mtu mmoja. Ibada huigawa hadithi hiyo kwa mwaka mzima. Mkutano unakupa mwisho wake bila mwanzo.

Swali linalofuata ni tafsiri, na hapa wasomaji wengi mna msimamo tayari, najua. Union Version ya 1952 ndiyo Biblia ya kichwani mwetu: ndiyo iliyonukuliwa misibani, ndiyo niliyoinukuu humu. Ina mwendo, ukiisoma kwa sauti inatembea yenyewe. Lakini kijana wa leo akisikia "naliwatolea ninyi" anadhani msomaji ameteleza ulimi, na "hata ilipokuwa jioni" inamtega, kwa sababu kwake "hata" si neno la kuanzia habari. Biblia ya Habari Njema, iliyokamilika miaka ya 1990, inanyoosha hayo yote. Linganisha mstari mmoja unaotuhusu, Warumi 10:17. Union: "Basi imani, chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo." Habari Njema: "Basi, imani hutokana na kuusikiliza ujumbe, na huo ujumbe hutokana na neno la Kristo." Ya pili inaeleweka mara moja. Ya kwanza inakuachia neno "kusikia" likiwa na mizigo yote niliyoitaja, baridi na njaa na utii. Ukiuliza ninayoipenda, ni ya kwanza. Ukiuliza nitakayomsomea mtu wa kwanza kusikia, ni ya pili.

Na kwa fundi kuna sababu ya ziada. Union inafungua Marko hivi: "Mwanzo wa Injili ya Yesu Kristo, Mwana wa Mungu." Akisikia hivyo anadhani ni jina la kitabu, kama nilivyoeleza. Habari Njema inasema: "Habari Njema ya Yesu Kristo, Mwana wa Mungu." Hapo kitabu kinageuka kuwa habari, na habari mtu huuliza: habari gani? Hili si jambo jipya. Mjerumani Karl Roehl, katika Biblia yake ya 1937, aliyakimbia maneno yenye asili ya Kiarabu na akaandika "Utume Mwema" mahali pa Injili. Haikushika. Kabla yake Askofu Edward Steere wa Unguja, ambaye kanisa lake la Mkunazini lilianza kujengwa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, alilibakiza neno la Waswahili wenyewe. Mimi ningemuunga mkono Steere kanisani na Habari Njema barazani.

Neno moja kwa wasiosikia kwa sikio. Kuna viziwi wanaosoma haya, na "kusikia" kote nilikokutaja kusiwafungie mlango. Ibada yenye mkalimani wa Lugha ya Alama, anayeonekana, mwenye taa usoni, inawafaa kuliko redio zote na mikutano yote, na sharika zinazomweka mkalimani nyuma ya nguzo zijue zimewanyima Injili.

Kwa hiyo jibu langu la pili kwa fundi lilikuwa refu kidogo kuliko lile la kwanza. Nilimwambia asianze kanisani wala uwanjani. Aanze na Marko wa sauti kwenye simu, akiwa kazini, amsikie tangu mwanzo hadi mwisho mara moja bila kusimama. Kisha tukae wawili watatu, tusome tena sura moja moja, aulize anachotaka na mimi niruhusiwe kusema sijui. Baada ya hapo, akitaka, aje ibada ya Ijumaa Kuu aone watu wanafanya nini na habari hiyo. Mkutano ukija mjini apite akitoka kuswali, asimame karibu na karanga. Kwa mtu mwingine ningepanga tofauti: aliyefiwa juzi nisingempa simu, ningempeleka jumuiya yenye akina mama wanaojua kukaa kimya, na mlokole wa miaka ishirini aliyechoka ningemshauri aende akasikilize Misa mahali asipojulikana.

Alhamisi ndiyo siku tuliyoipata. Tunakaa nje ya duka lake baada ya isha, cherehani ikiwa imefunikwa, na kijana wake mmoja ndiye msomaji kwa kuwa macho yetu yamechoka. Sura ya nne tuliimaliza kwa wiki mbili, kwa sababu ya yule mpanzi. Fundi alikataa kwamba mpanzi yule ana akili: mkulima gani anamwaga mbegu njiani na kwenye miba? Tukabishana. Mwishowe yeye mwenyewe akasema labda mpanzi hakuwa na shida ya mbegu. Nimeishi na mfano ule miaka sitini, na sikuwahi kuusikia hivyo.

Tumefika sura ya nane, pale Yesu anapowauliza wanafunzi watu husema yeye ni nani, kisha anawageukia wao wenyewe. Kijana akafunga kitabu kwa kidole katikati, akitusubiri. Fundi alinyamaza kidogo, akakunja tepu yake.

"Hapo pana kazi, mwalimu. Tupaache mpaka Alhamisi." Halafu akaniuliza kama nimesahau suruali zangu, ziko tayari tangu mwezi uliopita.